Kutazama ndege ufukweni Kigoma mwezi Novemba: mwongozo kamili

Ukitaka kuanza kutazama ndege nawe unaishi Kigoma, au una safari ya kuja huku, panga iwe Novemba. Ndege hawakosekani miezi mingine, lakini Novemba mambo mawili hukutana. Kule Ulaya na Siberia majani yamekwisha kupukutika, maji yameanza kuganda, wadudu hawaonekani tena, na ndege waliolea makinda huko tangu Mei wamekwisha kushuka kusini. Huku kwetu mvua zimeanza, kumbikumbi wanatoka, matope yamerudi kwenye milango ya mito. Mgeni aliyetoka Finland na mwenyeji aliyezaliwa Ujiji unawakuta wakigombea funza mmoja.

Wengi hudhani shughuli hii ni ya watalii wenye kofia pana, na kwamba bila kulipia hifadhi huoni kitu. Mimi nasema mialo na fukwe za mjini zinamtosha anayeanza kwa msimu mzima. Linalotakiwa ni kujua wapi usimame na saa ngapi, na hapo Ziwa Tanganyika lina tabia yake. Lina urefu wa kilomita 673 hivi na kina kinachofika mita 1,470; duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake. Sehemu nyingi za kando yake hudidimia ghafla: hatua chache tu umefika maji ya shingo. Ndege mwenye kuchokoa matope hana pa kusimama hapo. Ndiyo maana ndege wa maji wa Kigoma hawakutapakaa sawasawa ufukweni. Wamejibana katika sehemu chache zenye maji mafupi, mchanga, majani au makombo ya wavuvi. Ukizijua sehemu hizo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kuangalia mwezi

Kabla ya kufikiria darubini, tazama kalenda ya mwezi. Uvuvi wa dagaa hapa ni wa usiku na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo siku kama saba hadi kumi kuzunguka mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu na kukarabati vyombo. Mwalo unanyamaza. Dagaa hawaanikwi, na wale ndege wanaoishi kwa dagaa wanatawanyika.

Basi asubuhi ya kwenda mwaloni iwe ya kipindi cha giza. Siku za mwezi mpevu zitumie kwenye miamba ya Bangwe na kwenye delta ya mto Luiche, ambako ndege hawategemei kazi ya binadamu.

Kisha tazama mvua. Novemba ya Kigoma aghalabu huanza na asubuhi safi, mawingu yakajengeka mchana, radi zikapiga alasiri au usiku. Asubuhi inayofuata mvua kubwa ya usiku ndiyo ya dhahabu: hewa imesafishwa, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, madimbwi yamejaa na kumbikumbi wameanza kupanda. Siku kama hiyo hata kazi inaweza kusubiri saa mbili.

Hatua ya pili: vifaa, na jinsi ya kuitega darubini

Vifaa ni vichache. Darubini ya macho mawili, daftari dogo, penseli (kalamu ya wino hutiririka mvua ikikupata), kofia, maji ya kunywa na mfuko wa plastiki wa kuokolea simu. Kwenye darubini utaona namba kama 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Chagua 8x32 au 8x42. Usidanganywe na muuzaji mwenye darubini ya 20 au 30 akakwambia inaona hadi Kongo. Mkono ukitikisika kidogo tu, ndege anarukaruka ndani ya kioo na kichwa kinakuuma.

Kuitega ni hivi. Kwanza kunja au kunjua mhimili wa katikati mpaka uone duara moja, si mawili. Ukivaa miwani, teremsha vile vikombe vya mpira vya machoni, usipovaa, vipandishe. Halafu funika kioo cha mbele cha upande wa kulia, tazama kitu kisichosogea, mlingoti wa simu kwa mfano, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Sasa funika upande wa kushoto, uache gurudumu la katikati kama lilivyo, uzungushe pete ya jicho la kulia mpaka nalo lione vizuri. Pete hiyo usiiguse tena. Tangu hapo utakuwa unatumia gurudumu la katikati peke yake.

Na kumpata ndege ndani ya kioo kuna siri moja: usishushe macho kuitafuta darubini. Mkazie ndege macho, kisha inua darubini ije kwenye macho yako. Fanya mazoezi kwa kunguru wa nyumbani kwako, hawana haraka.

Nguo ziwe za rangi tulivu, lakini zisiwe za madoa ya kijeshi. Kwenye picha za watazama ndege wa Ulaya utaona mavazi ya aina hiyo. Tanzania raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi ni kosa. Tena Kigoma ni mkoa wa mpakani. Darubini isielekezwe bandarini, kwenye vyombo vya ulinzi wala kambi yoyote, hata kama korongo ametua kwenye paa lake.

Hatua ya tatu: lipe jua mgongo

Kigoma iko ufukwe wa mashariki wa ziwa. Asubuhi jua linatoka nyuma yako, juu ya vilima, na kumulika ndege walio mbele yako majini. Rangi zinatoka zote, hadi wekundu wa jicho la mnandi. Kuanzia saa tisa alasiri mambo yanageuka: jua liko upande wa Kongo, maji yanametameta, na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Wanaokwenda ufukweni saa kumi na moja jioni wanakwenda kuona machweo, na machweo ya Kigoma ni mazuri kweli, lakini hawataweza kuwatambua ndege.

Anayetoka Dar es Salaam akumbuke pia kwamba huku jua huchelewa kwa kama dakika arobaini. Katikati ya Novemba linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na vilima vinalizuia kidogo zaidi. Kufika mwaloni saa kumi na moja alfajiri ni kusimama gizani na mbu. Fika saa kumi na mbili na robo, tafuta pa kusimama, subiri. Mpaka saa nne, saa nne na nusu, sehemu kubwa ya kazi yako imekwisha; baada ya hapo mvuke wa joto unaanza kuchezacheza juu ya maji na ndege wa mbali hawaeleweki.

Hatua ya nne: anzia Kibirizi

Mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji, ndio darasa la kwanza. Mitumbwi inarudi, dagaa wanashushwa, akina mama wanawaanika. Ndege wote wa hapo wamezoea watu, kwa hiyo unawaona kwa karibu bila kujificha.

Usianze kutazama kabla ya kusalimia. Tafuta ofisi ya BMU, kikundi cha wanaosimamia mwalo, au mzee yeyote mwenye sauti pale, sema shikamoo, toa pole za kazi, eleza unachofanya. Mtu mwenye darubini asiyejieleza huhesabiwa haraka kuwa ni mkaguzi wa nyavu, au anatafuta rupia zinazosemwa zilifukiwa na Mjerumani. Ukishaeleza watakucheka kidogo, halafu mvuvi mmoja atakuja kukuonyesha ndege ambaye usingemwona. Kwa mama mwenye dagaa, omba ruhusa kabla ya kupiga picha na usikanyage anikio lake. Watoto watakuzunguka, wape zamu ya kutazama mmoja mmoja, kamba ya darubini ikiwa shingoni mwao. Njia hiyo ni rahisi kuliko kuwafukuza.

Sasa tazama. Anga ya mwaloni ni ya mwewe, mwenye mkia uliogawanyika mithili ya mkia wa samaki na anayeukunja huku na huku anapopinda. Chini kuna kunguru wenye kifua cheupe, na yangeyange wanaotembea kati ya mitumbwi. Yule mdogo mweusi na mweupe, anayekimbia juu ya dagaa akitikisa mkia bila kuchoka, ni mwenyeji wa mwaka mzima. Mtazame vizuri maana Novemba ana ndugu yake mgeni, mwenye kifua cha manjano na mgongo wa kijani-kahawia, ambaye hupenda zaidi majani mafupi miguuni mwa ng'ombe kuliko mchanga wa mwalo.

Juu ya maji kuna shakwe. Wale wenye mbawa za kijivu ni wa hapahapa kwenye maziwa yetu. Ukimwona mkubwa zaidi, mgongo mweusi au wa kijivu kilichokolea, miguu ya manjano, huyo ametoka kaskazini ya Ulaya au Urusi. Mara nyingi yuko peke yake au wawili kati ya kundi la wenyeji, kwa hiyo lipitie kundi zima, ndege baada ya ndege. Pamoja nao kuna buabua, wembamba, wenye mbawa ndefu, wanaoruka chini juu ya maji wakidonoa. Buabua wa mbawa nyeupe ni mgeni kutoka Ulaya ya mashariki na Asia, na vitabu humwonyesha akiwa mweusi tititi. Usimtafute mweusi huyo Novemba. Vazi lile ni la kuzalia. Huku anafika amekwisha kulibadili, yuko mweupe na kijivu, amebaki na doa jeusi kichwani na nyuma ya jicho.

Hatua ya tano: miamba ya Bangwe na Katonga

Kusini ya mji, rasi ya Bangwe na fukwe za Katonga zina sura nyingine: mawe makubwa, maji maangavu, miti imeshuka mpaka ziwani. Hapa ndege ni wachache lakini wa aina yake, na mtu hapaswi kukimbia. Kaa chini kivulini, juu ya jiwe moja, kwa saa nzima.

Mgeni wa kumtafuta ni kitwitwi wa kawaida, kitaalamu Actitis hypoleucos. Pengine ndiye ndege pekee wa matopeni aliyeridhika na miamba yetu, anatembea ukingoni kati ya jiwe na wimbi huku sehemu ya nyuma ya mwili ikipanda na kushuka mfululizo. Mgongo kahawia, tumbo jeupe, na ule weupe unapanda mbele ya bawa kuelekea begani. Akiruka hukaa chini karibu na maji, mbawa zimekakamaa, zikitetemeka kwa mapigo mafupi kisha akiteleza. Ukiona mruko huo huhitaji kuona rangi.

Mdiria wako wa aina kadhaa. Mweusi na mweupe ndiye anayesimama hewani akipiga mbawa pahala pamoja, kisha anajitupa majini. Yule mkubwa kuliko wote, mwenye madoadoa na kifua au tumbo la rangi ya kutu, hukaa kwenye tawi lililoegemea maji na hutoa sauti kali unayoisikia kabla hujamwona. Kibluu kidogo chenye mdomo mwekundu, yule wa kwenye majani, utamkuta zaidi Luiche.

Maji ya ziwa yalipanda sana tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, yakameza vipande vya fukwe na kuua miti iliyokuwa kando. Waliopoteza nyumba hawana la kufurahia hapo, lakini miti mikavu iliyosimama majini imekuwa viti vya mnandi na mbizi. Mnandi huanika mbawa baada ya kuzamia. Mbizi ana shingo nyembamba iliyopinda na mdomo uliochongoka kama sindano.

Halafu kuna swali linalomkera kila anayeanza: ndege mkubwa, mweupe na mweusi, juu ya ziwa. Ana majina matatu yanayowezekana. Furukombe, anayelia akitupa kichwa nyuma, ana kichwa, kifua na mkia mweupe, na tumbo la kahawia nyekundu. Tumbusi wa michikichi, ambaye Kigoma imembariki kwa kuwa anakula matunda ya chikichi, ni mweupe pia tumboni, ana weusi mbawani na ngozi tupu nyekundu kuzunguka jicho. Wa tatu ni mgeni, tai mvuvi wa Ulaya, Pandion haliaetus: tumbo jeupe, mgongo kahawia, na mstari mweusi unaopita jichoni hadi kisogoni. Wakivua ndipo wanapojitofautisha vizuri. Furukombe hupita juu ya maji akanyakua samaki kwa kucha bila kuzama. Yule mgeni hushuka miguu mbele akazama kwa kishindo, akatoka akijikung'uta. Mtego mmoja: kinda la furukombe lina michirizi ya kahawia na weupe mchafu na huwadanganya wengi. Ukubwa wa mwili na upana wa mbawa vitakuokoa, maana mgeni ni mwembamba zaidi na mbawa zake zimekunjika kiwikoni.

Hatua ya sita: Ujiji na delta ya Luiche

Ukiwa na asubuhi moja tu Kigoma, ruka zote nilizotaja uende Luiche. Mto huu unaingia ziwani kusini ya Ujiji, ukibeba udongo wa vilimani, na hapo ndipo ziwa lenye kina kirefu linapopata maji mafupi. Kuna matete, mafunjo, mashamba ya mpunga, madimbwi na kingo za matope.

Usiende peke yako. Mamba na viboko wapo, na njia za majini hubadilika kila mvua. Ujiji ulizia mvuvi au mkulima mwenye mtumbwi anayelijua delta, mpatane bei na saa ya kurudi kabla ya kuondoka, na mwambie wazi kwamba hutaki kufukuza ndege bali kukaribia taratibu. Wengi hupiga kasia kuelekea kundi wakidhani unataka kuliona likiruka. Mwombe azime injini kama ipo, mtumbwi uachwe uelee.

Juu ya majani yanayoelea kuna yule ndege wa vidole virefu kupita kiasi, kahawia na uso wa bluu, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Wapo pia kwarara, korongo wa aina kadhaa, bata-miti wanaopiga mluzi, na korongo mweusi mla konokono, ambaye mdomo wake ukifunga unabaki na uwazi katikati. Fundichuma, kahawia mzima, kishungi nyuma ya kichwa, hujenga kiota kikubwa cha vijiti ambacho watu wengi huogopa kukigusa. Mimi naushukuru woga huo.

Wageni wako kwenye matope na kando za mpunga, na hapa ndipo watu hukata tamaa. Wote kahawia, wote wana mdomo mrefu, wote wanakimbia. Usianze na rangi. Jiulize kwa mpangilio huu: ukubwa, miguu, mdomo, mwendo, sauti; rangi iwe ya mwisho.

Mwenye ukubwa wa shomoro, miguu myeusi, anakimbia na kudonoa kwa haraka bila kupumua, ni kitwitwi mdogo kabisa, Calidris minuta, aliyezaliwa pwani za Aktiki. Mwenye madoa meupe mgongoni, miguu ya manjano-kijani na kiuno cheupe anaporuka, ni wa madimbwi ya maji matamu, mara nyingi watatu au wanne pamoja. Mrefu, mweupe tumboni, miguu ya kijani, mdomo mnene kidogo uliopinda juu, na anaporuka anaita mara tatu, tyu-tyu-tyu, huyo ni Tringa nebularia. Na ukikuta kundi la wenye mgongo wa magamba, kichwa kidogo, shingo ndefu, baadhi wakubwa waziwazi kuliko wenzao, usidhani ni aina mbili. Ni dume na jike wa aina moja, Calidris pugnax, madume wakiwa wamevua yale manyoya ya shingoni ya kifahari waliyochezea ngoma kule kaskazini.

Katikati yao kuna kitwitwi wa miamba uliyemjua Bangwe. Mtumie kama kipimo: huyu ni mkubwa kuliko yeye au mdogo? Ukiwa na ndege mmoja unayemjua kwa hakika, wengine wanaanza kujipanga wenyewe.

Hatua ya saba: tazama juu baada ya mvua

Kumbikumbi wakipanda, acha maji. Simama uwanjani, hata pale Ujiji chini ya miembe, uangalie anga. Mwewe wanawadaka kwa kucha na kula wakiruka. Mbayuwayu wanakuja kwa mamia. Wa Ulaya ana paji la uso na koo nyekundu, mkanda mweusi kifuani, tumbo jeupe au krimu. Kinda lake bado halina nyuzi ndefu mkiani. Uzito wake ni kama gramu 20, na amevuka Sahara. Usimchanganye na yule anayejenga chini ya madaraja yetu, mwenye utosi wa rangi ya kutu na sehemu yote ya chini nyeupe safi. Huyo ana nyuzi nyembamba kabisa mkiani na hasafiri kwenda Ulaya.

Keremkerem wa Ulaya hupita juu sana na kwa kawaida utasikia kwanza sauti yake laini ya kubiringika, kisha utaona koo la manjano na utosi wa hudhurungi. Mara nyingine kipanga mwembamba mwenye mbawa za mundu, mgeni naye, hujiunga na karamu ya kumbikumbi na kuwadaka mmoja mmoja.

Hatua ya nane: andika papo hapo

Tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya anga, mwezi uko wapi, aina na idadi. Andika ukiwa bado unamwona ndege, si jioni nyumbani. Kumbukumbu hupenda kumpendezesha ndege. Usiyemjua mchore, hata vibaya, onyesha doa lilipo na rangi ya miguu. Muulize mvuvi jina lake kwa Kiha, uliandike anavyolitamka. Majina ya Kiswahili ya ndege hutofautiana kati ya kitabu na mtu, kwa hiyo jina la kisayansi likiwepo liweke pembeni.

Kuhesabu kundi kubwa: hesabu kumi kwa usahihi, uone wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa vipande vya ukubwa huo. Fanya mara mbili, andika wastani.

Kumbukumbu zako usizifungie kabatini. Programu ya eBird ya simu hufanya kazi bila mtandao, mradi upakue data za Tanzania ukiwa bado mjini, na inakuruhusu kuchagua majina ya kisayansi ukichoshwa na ya Kiingereza. Upo pia mradi wa Tanzania Bird Atlas unaokusanya taarifa za nchi nzima, na ukanda wa magharibi una watazamaji wachache kuliko Arusha au Dar es Salaam, kwa hiyo orodha yako ya asubuhi moja ina uzito. Ukishapata mkono mzuri, Januari hufanyika hesabu ya ndege wa maji katika nchi nyingi za Afrika; Novemba ni mazoezi mazuri.

Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, andika namba na maneno yote ya pete hiyo, piga picha, utume taarifa. Usimshike kwa mkono mtupu, na ukikuta wengi wamekufa pamoja mwarifu afisa mifugo. Aliyenasa kwenye wavu akiwa hai, mfunike kichwa kwa kitambaa, atatulia. Kata uzi kwa ruhusa ya mwenye wavu, usivute.

Usalama, kwa kifupi

Radi zikianza, toka majini na uondoke chini ya mti mrefu. Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kuokolea, si kulikalia. Maji yaliyotuama kwenye matete yana hatari ya kichocho, hivyo viatu vya mpira virefu ni bora kuliko kutembea peku. Kwenye miamba kuna swila wa majini. Humwepuka mtu, lakini usitie mkono katika nyufa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Bonde la Malagarasi na Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingia katika mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, ndiko aliko yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa kiatu. Ni safari ya gari imara, kibali na mwenyeji. Novemba mvua zinaweza kukufungia njia. Anayeanza asikimbilie huko.

Gombe ni rahisi. Hifadhi iko kilomita kama 16 kaskazini ya mji, hufikiwa kwa boti tu, na kiingilio hulipwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Watanzania hulipa kidogo kuliko wageni. Watu huenda kwa ajili ya sokwe, lakini ufukwe wake wa kokoto una vitwitwi, wadiria na furukombe, na misitu ya mabondeni ina ndege ambao mjini hutawaona. Boti za abiria za vijiji vya kaskazini huondokea Kibirizi. Ulizia saa siku moja kabla.

Wakati wa kwenda asubuhi, vilima viko mbele ya jua na ufukwe wote umo kivulini, kwa hiyo tazama upande wa maji, buabua na shakwe. Ukirudi alasiri mambo ni kinyume na ya nchi kavu: wewe uko ziwani, jua linatoka Kongo na kumulika miamba na miti yote ya ukingoni. Kaa upande wa kushoto wa boti, darubini iwe shingoni, na mwombe nahodha apite karibu na ukingo mawimbi yakiruhusu.